Mkutano Unaanza Saa Ngapi?

Kwa miaka kadhaa mume wangu alizungumza na mjukuu wetu kupitia mkalimani, kama rais. Neno hilo ni lake mwenyewe, na alilisema kila Jumapili baada ya simu kukatwa, huku akirudisha kiti chake mezani.

Ilikuwa simu ya video. Mwanetu alipiga mchana kutoka huko alikooa na kupata kazi, akamshika binti yake mabegani na kumsogeza mbele ya kamera. Mtoto akatutazama. Mama yake ni wa huko, shule yake ni ya huko, na lugha iliyomwingia kichwani ni ya huko. Kiswahili chake kilikuwa "shikamoo" na "asante," na yote mawili aliyasema kwa mkupuo ili amalize. Babu yake alisema, mwambie nimemkumbuka. Mwanetu akamwambia. Mtoto akajibu kitu kifupi.

"Anasema na yeye pia, Baba."

Kisha tuliona utosi wake ukishuka, halafu mgongo wa kiti, halafu ukuta wao mtupu.

"Hata rais hupewa muda zaidi ya huo," mume wangu alisema.

Mimi nilikuwa nikimlaumu mwanetu kwamba hakumfundisha mtoto lugha yetu. Mume wangu hakutaka kusikia hayo. Alisema kijana anafanya kazi ya zamu, akirudi mtoto amelala, akiamka mtoto yuko shule, sasa amfundishe saa ngapi, ndotoni? Halafu akasema sisi ndio wenye jioni za kuchezea. Hapo nikajua ameshaamua jambo, kwa sababu alikuwa na desturi ya kusugua kidevu akishaamua, si kabla.

Yeye alikuwa kinyozi. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, chenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri zamu, na mtaani walimwita Wembe ingawa miaka yote ninayoikumbuka alitumia mashine. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa kupokea simu kwenye kiwanda cha unga, na nilikaa mapokezi hapo mpaka nikastaafu. Ndiyo maana akaniita Mama Simu, hata mbele za wageni.

Kompyuta aliinunua kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa. Ilikuwa kubwa na nzito, na ilipowashwa ilivuma kama friji. Tuliiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani, nami nikaifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, akanitania kwamba nimeivalisha kofia. Programu ya kujifunzia lugha alitutumia mwanetu, ikiwa kwenye sidii, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi likizo. Lugha yenyewe ina jina lake kwenye ramani, lakini nyumbani kwetu tuliiita Kijukuu, na sitaki kuiita vingine.

Mwanetu hakuangalia vizuri alichonunua. Tulitegemea kuanza na paka, mbwa, nyumba, mama. Kumbe ilikuwa programu ya watu wanaosafiri kikazi. Kwenye kasha palikuwa na bwana mwenye tai na begi, na somo la kwanza lilisema: Jina langu ni Bwana Fulani, ninafanya kazi katika kampuni ya chuma.

Mume wangu akarudia hayo mara nyingi, kwa bidii, akiwa na kipaza sauti mkononi. Kisha akanigeukia. "Basi nitamwambia mjukuu wangu nauza chuma. Itakuwaje."

Tulimwandikia mwanetu kumwambia. Akaona aibu, akaahidi kutafuta nyingine ya watoto. Babu yake mtoto akakataa. Alisema ameshaizoea hii, na kwamba kampuni ya chuma imempokea vizuri.

Ndani ya programu mlikuwa na sauti ya mwanamke. Alisema sentensi, nawe uirudie, na mstari mdogo chini ya picha uligeuka kijani ukipatia na mwekundu ukikosea. Mume wangu alikuwa na pengo la mbele, na sauti nyingi za Kijukuu zilipitia hapo zikatoroka. Kwa hiyo alimbembeleza yule mwanamke. Alisogea karibu, akashusha sauti, akamwambia sentensi ya bei za mizigo kama mtu anayeomba msamaha. Akitoka kazini alimwamkia yeye kwanza kabla hajaniamkia mimi. Nikamwita mke mwenzangu.

"Leo mke mwenzio kanipa kijani tatu," alisema wakati wa chakula.

"Na mimi nimekupa nyama mbili. Chagua nyumba ya kulala."

Kila somo lilimalizikia na mazungumzo ya watu wawili. Wa kwanza anauliza, wa pili anajibu. Programu ilitaka mwanafunzi asome upande mmoja kisha abadilishe, huku yule mwanamke akishika upande unaobaki. Lakini sisi tulikuwa wawili, na yeye alikuwa na haraka mno, kwa hiyo kwenye mazungumzo tulimnyamazisha. Mume wangu alichukua upande wa kwanza na mimi wa pili, na hatukubadilishana hata siku moja. Haikuwa makubaliano. Mtu aliyeshinda akiuliza, tupunguze hapa, tuache hapa, vipi nyumbani, akija jioni anaendelea kuuliza. Na mimi kazi yangu yote ilikuwa kujibu. Niliwahi kumwambia tubadilishe, tusije tukajua nusu nusu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba ampe kinyozi mwingine mteja wake.

"Mama Simu, wewe ulizaliwa ukijibu," alisema. "Usiniharibie kazi."

Programu haikujua kwamba tuko wawili. Ilikuwa na nafasi ya jina moja tu, na yeye aliandika lake. Ikawa inampongeza Wembe kwa kuuliza vizuri na kujibu vizuri, naye akapokea pongezi zote bila kunigawia.

Maswali yake aliyapeleka hadi kazini. Mtu akikaa kwenye kiti akifungwa kitambaa shingoni, anaulizwa kwa Kijukuu kama ana miadi, au mkutano unaanza saa ngapi. Wateja walizoea. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake mkubwa, alikuwa anapita mlangoni kutwa mara kadhaa ili aulizwe tu.

Jumapili aliyomwuliza mtoto kwa mara ya kwanza alivaa shati la kutokea. Mwanetu alimsogeza binti yake kama kawaida, na kabla hajasema shikamoo yake, mume wangu akaegemea mbele akamwuliza kwa Kijukuu: "Unafanya kazi wapi?"

Mtoto akamgeukia baba yake. Akamgeukia babu yake. Mume wangu alisubiri jinsi alivyokuwa akisubiri kazini, mashine imezimwa na imeinuliwa kidogo, macho yakimtazama mtu kwenye kioo, kama hana mahali pengine pa kwenda. Ndipo mtoto akajibu.

Mume wangu hakuambulia kitu. Majibu hayakuwa upande wake. Lakini mimi nilisikia neno la kiwanda, nikasikia sabuni, lingine nikalibahatisha, nikamnong'oneza: anafanya kazi kiwanda cha mapovu ya sabuni. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyekuwa ameshakisikia kiwanda hicho kikisifiwa.

"Mkutano unaanza saa ngapi?" akauliza.

Baada ya chakula.

"Nani watahudhuria?"

Paka, na mwalimu wa kuogelea, na mtoto mmoja wa darasani ambaye hatakaribishwa tena. Nilimnong'oneza yote hayo, akacheka, na mtoto akamngojea acheke, kwa sababu kicheko chake kilichelewa kufika, kilipitia kwangu kwanza. Mwisho akakumbuka neno ambalo yule bwana wa chuma huagana nalo na wateja. "Tumekubaliana," akasema, akampungia mkono. Mtoto akasema na yeye: "Tumekubaliana."

Tangu siku hiyo mtoto aliitwa Bosi. Simu zikarefuka, mwanetu akawa anatuachia mtoto na kwenda kupika. Kiwanda cha mapovu kikapata matawi. Kulikuwa na mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kula sabuni, halafu akarudishwa kwa sababu ana watoto. Mume wangu aliuliza, mimi nikasikia. Yeye mdomo, mimi sikio, na kwa Bosi tulikuwa mtu mmoja anayejua lugha yake.

Ndipo mwanetu akasema likizo ndefu watamleta. Angekaa kwetu likizo nzima, bila wazazi, maana wao hawakupata ruhusa kazini. Mume wangu alipaka rangi chumba kidogo, ya kwanza hakuipenda akapaka nyingine juu yake. Akawatangazia wateja kwamba kuna mkurugenzi anakuja, wanyoe mapema.

Jumapili moja dada yangu aliugua nikaenda kumwuguza, na mume wangu akapokea simu peke yake. Niliporudi nilimkuta anachemsha chai huku anaimba. Nikamwuliza Bosi anasemaje. Akasema wameongea sana, tena vizuri sana. Nikamwuliza wameongea nini.

"Mambo mengi," alisema.

Nilijua hakuelewa hata neno. Nilicheka, nikasema nitamhoji nikiwa nimepumzika, nikaenda kuoga.

Wiki hiyo hiyo mume wangu akafa. Ilikuwa jioni kazini kwake. Hakukuwa na mteja, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akajigeuza kuelekea barabarani. Muuza nyama alipita mlangoni, akaona hakuulizwa kitu, akadhani amesinzia. Alipopita tena akaingia ndani.

Mwanetu alikuja kuzika, peke yake, akaondoka. Alinikumbatia uwanja wa ndege akasema mpango wa likizo uko palepale, Mama, mtoto atakuja. Nikashika neno hilo. Kwa kweli sikuwa na lingine la kushika. Nyumba ilikuwa na watu, kisha ikawa haina.

Jumapili iliyofuata simu ililia mchana. Bosi alikuwa amechanwa nywele vizuri, ameketi mwenyewe, hakushikwa mabega. Akanitazama. Nami nikamtazama. Nilikuwa na majibu yote ya kampuni ya chuma mdomoni, na nilikuwa nangoja aulize. Yeye alikuwa anangoja aulizwe. Tukakaa hivyo mpaka mwanetu akaja akasema, "Anakupa pole, Mama," na mtoto akashuka kwenye kiti. Nikaona ule ukuta wao.

Jumapili nyingine ikawa vilevile, na nyingine. Mwisho mwanetu akanipigia siku ya kazi, na mwanangu hapigi siku ya kazi. Alizunguka zunguka, akaniuliza presha, akaniuliza mvua. Kisha akasema Bosi hataki kuja tena. Anataka likizo aende kwa bibi yake mwingine, mama wa mke wake, ambaye wanaelewana lugha.

"Usichukulie vibaya, Mama. Anasema kwako hakuna wa kuongea naye."

Nikamwambia sichukulii vibaya. Akasema tiketi lazima zikatwe kabla mwezi haujaisha, na kwamba hatamlazimisha mtoto, maana mtoto wa kulazimishwa atalia likizo nzima na mimi nitalia naye. Alikuwa anasema kweli. Nikamwomba anipe Jumapili mbili.

Niliondoa kitambaa kwenye kompyuta. Tangu msiba sikuwa nimeigusa. Ikavuma, ikafunguka, na mke mwenzangu akamkaribisha Wembe. Nikamwambia Wembe hayupo, fanya kazi na mimi. Safari hii sikumnyamazisha. Nilichagua upande wa kwanza, upande wa mume wangu, ili mimi niulize na yeye ajibu.

Nilifikiri litakuwa jambo jepesi, kwa kuwa maswali hayo niliyasikia jioni zote zile. Lakini kila nikimaliza swali, kabla yule mwanamke hajafungua mdomo, mimi nimeshajibu. Mstari ukawa mwekundu. Nikarudia. Unafanya kazi wapi, katika kampuni ya chuma. Mwekundu. Kiwandani msimamizi wetu alitufundisha kwamba mpigaji asisikie kimya, simu yenye kimya hukatwa, na mimi nilikuwa nimefuata hivyo tangu nikiwa msichana. Hata hivyo nikajitahidi. Ilipofika Jumapili maswali yote ya mume wangu nilikuwa nayo, moja baada ya jingine.

Bosi alipoketi nikaegemea mbele. "Unafanya kazi wapi?"

Uso wake ukafunguka. Sijui nisemeje vingine. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Katika kampuni ya chuma," nikasema.

Nilijisikia mwenyewe. Nikaharakisha kulifuta kwa swali jingine: mkutano unaanza saa ngapi? Na hapohapo: saa tatu kamili. Mwanetu, aliyekuwa amesimama nyuma, akaangua kicheko, akajizuia, akacheka tena. Mtoto hakucheka. Alisema neno moja kwa baba yake, akashuka. Mwanetu hakutaka kulitafsiri, lakini sikumhitaji. Lilikuwa jibu, na majibu mimi nayaelewa. Alisema: Bibi anajua yote.

Kesho yake nilikwenda kununua nyama. Chumba cha kinyozi kilikuwa kimefungwa, na nilipita upande wa pili wa barabara ili nisiuangalie mlango wake. Muuza nyama alinipa pole tena, akakata, akapima. Alipokuwa anafunga akaniuliza kwa Kijukuu, vibaya sana, mkutano unaanza saa ngapi. Nikajibu saa tatu kamili.

Kisu kikabaki hewani.

"Shemeji, kumbe lina jibu?"

Nikamwambia maana yake. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Alisema rafiki yake alimwuliza hivyo kila siku, na yeye hakujua anaulizwa nini, wala hakutaka kuonekana mjinga, kwa hiyo alijibu lolote lililokuwa kifuani. Siku ya kwanza alimwambia bei ya ng'ombe. Baadaye akawa anamwambia habari za kijana wake aliyeacha shule, mambo ambayo hata kwake nyumbani hayasemi.

"Na yeye alisemaje?" nikauliza.

"Hakusema. Alikuwa amesimama tu na mashine yake hivi." Akainua kisu kidogo, akakishikilia hapo, akanitazama. "Mpaka nimalize."

Nilirudi nyumbani na nyama yangu. Nikafikiri maswali yale ya chuma sitaweza kuyauliza, hata nikiyasoma mwaka mzima, kwa sababu majibu yake yako mdomoni mwangu na hayatoki. Ilibidi niulize jambo nisilolijua. Nilikuwa nalo moja. Lile la Jumapili niliyokuwa kwa dada yangu, nililosema nitamhoji mume wangu nikiwa nimepumzika.

Programu haikuwa na swali hilo. Nilikaa siku kadhaa nikiliunga kwa vipande, neno hili kwenye somo la mapokezi, hili kwenye somo la benki, hili la siku ya jana. Nilipomtamkia mke mwenzangu hakunipa kijani wala nyekundu. Hakulijua.

Jumapili ya pili Bosi aliketi huku mwanetu amemshika mabega tena. Nikamwomba mwanetu aende akapike. Akaniangalia kwa mashaka, akaenda. Nikamwambia mtoto kwa Kijukuu changu cha viraka: siku mimi sikuwepo ofisini, Babu alikuambia nini?

Nikanyamaza. Mikono niliikalia.

Alikaa kimya muda mrefu. Mara mbili nilitaka kusema kitu, chochote, saa tatu kamili. Kisha akaanza, polepole mwanzoni, halafu haraka. Nilipata hivi. Babu alimwuliza maswali yote. Yalipokwisha akaanza tena mwanzo, na yeye akampa majibu mengine, kwa sababu ya kwanza alikuwa ameshayatumia. Na Babu alicheka mahali pasipo pake. Hapo pa kucheka alinyamaza, na pasipochekesha alicheka. Hapo ndipo Bosi alipojua kwamba Babu haelewi.

Akasogea karibu na kamera, nikaona pua yake.

Akasema, basi nikamwambia siri. Siri yenyewe ilikuwa na neno moja nisilolijua. Nikamwambia sijui neno hilo. Akalisema tena kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikatikisa kichwa. Akachukua mto wa kochi, akajifunika nao uso, akakunja miguu, na magoti yake yakatetemeka kwa makusudi. Akachungulia pembeni kuona kama nimefahamu.

Nilifahamu. Alikuwa amemwambia babu yake kwamba anaogopa kuja kwetu.

"Na Babu akasema nini?"

"Tumekubaliana," alisema Bosi, kwa sauti ya babu yake, pamoja na lile pengo.

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nafuta uso kwa upindo wa kanga. Hakushtuka. Alingoja. Nikalichukua lile neno lake jipya, nikaliweka vibaya lakini nikaliweka, nikamwambia: na mimi naogopa.

Akauliza naogopa nini. Hakuwahi kuniuliza kitu kabla ya hapo. Nilitafuta kwenye maneno yote ya kampuni ya chuma, nikapata yale wanayosema mlinzi anapofunga jengo. Nikamwambia: ofisi haina mtu.

Akawaza. Akatazama nyuma yangu, kwenye sehemu ya sebule inayoonekana, kiti cha babu yake, mlango wa chumba kidogo. Akauliza kama mlango ule hufungwa usiku. Nikamwambia unabaki wazi. Akauliza taa. Nikamwambia taa ya ukumbini inawaka mpaka asubuhi. Maneno hayo yalikuwa kwenye masomo ya hoteli, na yalinitoka bila kuyatafuta. Akauliza kama bafu liko mbali. Hatua chache, mkono wa kushoto. Akauliza kama mgeni anaruhusiwa kuja na paka wa kitambaa, na kama asubuhi anaamshwa au anaachwa aamke mwenyewe, na kama kwenye nyumba yetu kuna mtu anayepiga kelele. Nikamwambia kuhusu jogoo wa jirani. Neno la jogoo sikuwa nalo, nikawika. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, na safari hii akapanda tena mwenyewe.

Mwanetu alitokea mlangoni kwao akiwa na mwiko mkononi. Aliuliza tunaelewana kweli, au aje atusaidie. Akaongeza kwamba anataka kujua kuhusu tiketi, maana dirisha la kukata linafungwa kesho.

Bosi alikuwa anauliza ni nani atakayempokea uwanja wa ndege, na atamjuaje.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Hajamaliza."